Mashine ya Boti Inapokataa Kuzimika

Kama umewahi kusimama kando ya maji pale Mji wa Kale, Mombasa, Jumapili jioni maji yakiwa yamejaa, unajua kwamba watoto ndio wenye mahali. Wanajirusha, wanazama, wanaibuka mbali. Boti ikija husogea kidogo tu, kwa sababu wanaamini nahodha atazima mashine mapema na boti itaingia taratibu.

Je, mashine ikikataa kuzimika?

Mwaka 2016 nilikuwa ndani ya boti ya ami yangu, tukitoka kuvua upande wa Tudor. Tulipokaribia ngazi, ami alibonyeza kitufe chekundu cha kuzimia. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, kisha ikaendelea. Akabonyeza tena. Ikaendelea. Mimi, niliyezoea magari, nikamwambia aitie gia ili izimike kwa nguvu.

"Mwanangu, hii si gari!" akanikemea. "Ukitia gia, panga lazunguka, na watoto wa majini!"

Aliiacha gia huru, akavuta choki mpaka mwisho. Mashine ikapaliwa kwa petroli, ikanyamaza. Watoto waliendelea kucheza bila kujua lolote, lakini mimi mikono ilikuwa ikitetemeka.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kwa mafundi, na leo nataka tulielewe pamoja. Hata wewe usiye na boti, usifunue ukurasa. Jenereta ndogo ya petroli unayowasha stima ikipotea inaweza kukufanyia mchezo huo huo.

Sababu zote huingia katika mafungu mawili. Ama cheche ya plagi haijakatika, ama imekatika lakini ndani mna moto mwingine.

Tuanze na cheche. Mashine ndogo ya boti, ile inayofungwa nyuma kwenye tezi, hujitengenezea umeme wake. Gurudumu la juu lina sumaku, na likizunguka huzaa umeme unaokwenda kwenye koili, kisha kwenye plagi. Haihitaji betri. Ndiyo maana kitufe chake cha kuzimia hakifanyi kazi kama swichi ya taa ya nyumbani. Swichi ya taa hukata umeme, lakini kitufe hiki huuunganisha umeme na arthi, yaani chuma cha mashine, ili upotelee huko usifike kwenye plagi. Basi waya wa kitufe ukikatika, au kiungo chake kikiliwa na kutu ya kijani, umeme hauna njia ya kupotelea. Utabonyeza mpaka kidole kiume, na cheche itaendelea. Kwetu pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hili si jambo la ajabu.

Boti kubwa zenye injini ya petroli ya ndani, inayowashwa kwa ufunguo na betri, ni kinyume. Pale ufunguo ndio hukata umeme wa koili. Zisipozimika, fundi huangalia kama swichi imenata, au kama umeme wa alteneta unarudi kinyumenyume kupitia waya wa taa ya chaji.

Fungu la pili ni moto wa ndani. Rudolf Diesel wa Ujerumani, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897, alionyesha kwamba mafuta yanaweza kuwaka bila plagi, kwa joto la hewa iliyobanwa tu. Mashine ya petroli haikuundwa kwa kazi hiyo, lakini ikipata moto kupita kiasi hujaribu kuiga. Masizi yaliyoganda juu ya pistoni hubaki mekundu kama kaa la jikoni, na kila petroli inapoingia, kaa huiwasha.

Kaa hilo hutoka wapi? Pengine oili imezidishwa, au si ya aina inayotakiwa, ikaacha masizi. Pengine plagi ni ya namba isiyofaa, inayohifadhi joto mno. Pengine kabureta inatoa petroli kidogo na hewa nyingi, au mashine imewekwa izunguke kwa kasi hata isipopewa mafuta. Pengine maji ya kupozea hayapiti, kwa sababu mpira wa pampu umechakaa au karatasi ya plastiki imeziba tundu. Na pengine petroli yenyewe si petroli tupu.

Utajuaje ni fungu lipi? Sikiliza kwanza. Mashine ikiendelea kunguruma vizuri kana kwamba hukubonyeza kitu, shuku waya. Ikikohoa na kurukaruka, shuku kaa la ndani.

Kisha fanya jaribio hili asubuhi, mashine ikiwa baridi kabisa, boti imefungwa, gia iko huru, na hakuna mtu majini. Chomoa kile kipande cha usalama chenye kamba ya mkononi, au mwambie mwenzio ashikilie kitufe cha kuzimia. Sasa vuta kamba ya kuwashia mara tatu nne. Mashine baridi haina kaa ndani. Ikiwaka, cheche haikatiki, basi tafuta waya. Isipowaka, yaelekea kitufe ni kizima. Geukia plagi, masizi, maji na mafuta.

Na ikikushinda ukiwa majini? Punguza mafuta mpaka chini na uache gia huru. Chomoa kipande cha usalama. Haijazimika, vuta choki yote. Bado? Chomoa mpira wa petroli na usubiri. Itamaliza iliyobaki kwenye kabureta, nayo itakufa. Usiende kwenye ngazi mpaka inyamaze. Usifungue kifuniko ili kung'oa waya wa plagi kwa mkono. Umeme wake hupiga vikali, na cheche karibu na mvuke wa petroli ni janga. Usiimwagie maji.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Ukirudi kutoka safari ndefu, iache mashine izunguke polepole dakika mbili tatu kabla ya kuzima, ipoe. Tazama kile kitundu kinachotema maji nyuma, maana maji yakikatika, joto linapanda. Isafishe kwa maji matamu kila baada ya bahari. Fuata kitabu cha mashine kwa namba ya plagi na kipimo cha oili.

Je, ya ami yangu ilikuwa na nini? Jaribio la asubuhi lilionyesha kitufe ni kizima. Plagi zilikuwa na masizi. Fundi alinusa mtungi wa petroli, akamtazama ami bila kusema neno. Ami akakiri. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, naye akawa anachanganya ili kubana matumizi. Mafuta ya taa hujiwasha kwa joto dogo kuliko petroli, na mashine isiyoundwa kwa ajili yake hupata taabu. Zipo mashine za boti zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa, lakini ya ami haikuwa mojawapo. Uchanganyaji huo ulienea nchini hata Serikali, mwaka 2018, ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita ili kuuzuia.

Ami aliokoa shilingi chache kila safari. Hesabu hiyo alikuwa ameipiga vizuri. Ambacho hakukihesabu ni wale watoto wa ngazini, ambao kila jioni humwamini nahodha wasiyemjua jina. Wewe unayemiliki boti, au unayepanda ya mwenzio, mashine ikikataa kuzimika hata mara moja, usiicheke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.