Kunakili si Kujifunza

Wako wanafunzi ambao madaftari yao yamejaa na vichwa vyao ni vitupu. Mwalimu huandika ubaoni, nao hunakili. Kengele hulia, ubao hufutwa, na elimu hufutika pamoja na chaki. Msomaji, ikiwa desturi hiyo ni yako, nataka kuigombeza, wala sitaomba radhi.

Chukua somo la Reli ya Uganda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Mwenye kunakili huikariri miaka hiyo kama kasuku. Muulize reli inahusiana vipi na mashamba ya walowezi, atakutumbulia macho.

Sasa twaa karatasi tupu. Andika "reli" katikati, uizungushie duara. Kandokando andika "vibarua kutoka Bara Hindi", "mji wa Nairobi", "gharama", "walowezi", "ardhi iliyonyang'anywa". Kisha unganisha maneno hayo kwa mistari, na juu ya kila mstari andika neno la kueleza uhusiano: ilihitaji, ilizaa, iliwavuta. Hapo ndipo jasho litakapokutoka, maana utalazimika kutambua kwamba serikali ya kikoloni ilitaka mizigo ya kulipia gharama ya reli, na kwa hiyo ikawaita walowezi waje kulima. Mstari mmoja huo wapita kurasa mbili za kunakili.

Mchoro wa namna hii huitwa ramani ya dhana. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliubuni mwaka 1972 walipochunguza jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Haja yao ilikuwa kuyaona mawazo ya mtoto, si ya mwalimu wake.

Sisi walimu hatuna budi kulaumiwa pia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichora ubaoni mchoro mzuri kwa chaki za rangi. Wanafunzi wakaunakili, hata rangi. Kesho yake hapakuwa na mmoja aliyeweza kuueleza. Aliyefikiri alikuwa mimi peke yangu!

Utasema mtihani wakaribia na wakati hautoshi. Mbona wakutosha kunakili? Funga daftari, uchore kwanza unayoyakumbuka, hata yakienda mrama. Kisha lifungue, utie uliyoyasahau kwa wino wa rangi nyingine. Wino huo wa pili ndio utakaokuonyesha la kusoma usiku huo.