Kinanda Kisiumeze Wimbo

Wako walimu wenzetu wapigao kinanda wasemao ya kuwa muziki wa Kiingereza wa mashambani na malishoni, uliotungwa kwa okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa fidla, filimbi na baragumu, ukihamishiwa kinanda cha kanisa, hauna budi kuandikwa nota kwa nota, isiachwe hata moja. Wadhani hiyo ndiyo heshima. Sisi twakataa.

Mpiga fidla huikuza sauti yake peke yake, kisha huififiza kwa upinde. Kinanda hakina uwezo huo. Hiki chetu cha kukanyaga, ukizidisha pumzi, sauti zote huongezeka pamoja. Basi kazi ya watu sitini ikisongwa chini ya vidole kumi, ule wimbo mmoja uliokuwa ukipaa juu yao wote huzama kama ndama matopeni. Je, hiyo ni heshima?

Watatuambia, “Ninyi ni nani hata mpunguze kazi ya mtungaji?” Twajibu: mtazameni mtungaji mwenyewe. The Lark Ascending, kazi ya Ralph Vaughan Williams juu ya ndege kipozamataza, ilisikiwa kwanza mwaka 1920 kwa fidla na piano tu. Okestra ilifuata mwaka 1921. Ndege alikuwa yule yule. Basi mwenye kuhamisha na aushike wimbo, aupe besi na sauti moja ya kuutegemeza, na mengine ayaache bila majuto.

Tena, bwana huyo aliyapata wapi hayo? Tangu mwaka 1903 alikwenda vijijini kusikiliza wakulima wakiimba, akaandika. Mwaka 1906 nyimbo kadhaa za namna hiyo zikaingia katika The English Hymnal, kitabu alichokihariri yeye upande wa muziki.

Nasi watu wa Mbalizi, mbona twanakili malisho ya wenzetu na kuziba masikio kwa malisho yetu? Barabara ipitayo hapa yaenda Mbozi, ambako Traugott Bachmann, aliyeanzisha misheni mwaka 1899, aliwapa Wanyiha ruhusa ya kumsifu Mungu kwa sauti zao wenyewe. Hakungoja kinanda kiwape kibali.

Mwalimu mwenzetu, kifunge kinanda chako juma moja. Nenda kwa bibi yako ajuaye nyimbo za kale, keti, sikiliza mpaka uweze kuimba bila kitabu. Ndipo urudi ukifungue.