MGENI KANDO YA MTO

Katika miji yetu ya Kitale na Bungoma, ukimwuliza mtu njia ya kwenda hoteli, atakuonyesha mahali pa chai na mandazi, au ugali na nyama. Kitanda hakimo katika neno hilo. Mahali pa kulala twapaita lojing, na wengi wetu tukisafiri hupenda zaidi kubisha kwa jamaa, ingawa twajua kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Juma hili yafaa tuzungumze juu ya hoteli ya namna nyingine, ile iliyojengwa kando ya mto, ambayo msafiri huingia ili apumzike.

Desturi hiyo ni ya kale huko Uingereza. Zamani za farasi, msafiri aliyekaribia mji wa kale kama Oxford, ulio kando ya mto Thames, alihitaji nyumba ya wageni, apate chakula na kitanda, na mnyama wake apate maji. Walowezi waliileta desturi hiyo Kenya. Mfano wake ni hoteli ya Blue Posts mjini Thika, iliyoanzishwa mwaka 1908, kiasi cha kilometa 40 kutoka Nairobi. Imesimama kati ya mito miwili, Chania na Thika, na kila mto una maporomoko yake, hata mgeni aketiye bustanini husikia ngurumo ya maji.

Pamoja na desturi hiyo kulikuwa na sheria. Sheria ya kale ya Uingereza ilisema kwamba mwenye nyumba ya wageni hana ruhusa ya kumkataa msafiri bila sababu ya haki, ikiwa nafasi ipo na msafiri aweza kulipa. Mwaka 1943 sheria hiyo ilipimwa. Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, mtu mweusi, aliagiza vyumba kwa siku nne katika Hoteli ya Imperial, London, yeye na mke wake na binti yake. Walipofika waliambiwa kwamba hawawezi kukaa zaidi ya usiku mmoja, kwa sababu ya rangi yao. Constantine hakupigana wala kutukana, alikwenda mahakamani. Mwaka 1944 jaji alimpa haki, na fidia ya pauni tano na shilingi tano. Fedha ilikuwa kidogo, lakini neno lilikuwa kubwa.

Hapa Kenya, kabla ya uhuru wa mwaka 1963, hoteli nyingi za namna hiyo zilikuwa za Wazungu peke yao. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, amevaa kanzu nyeupe na kushika sinia. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza mtu yeyote kumbagua mwenziwe kwa rangi, kabila au dini. Mlango u wazi. Hata hivyo wako wenzetu wenye fedha ya halali mfukoni ambao wakifika langoni hupunguza mwendo, kama kwamba wanaomba kazi.

Ndugu msomaji, usiombe radhi kwa kuwa mgeni. Agiza chumba mapema, uulize bei na kama chakula cha asubuhi kimo ndani yake, na utunze risiti. Hiyo ni haki yako. Wajibu wako nao upo: usilaze watu watano katika chumba ulicholipia watu wawili, taulo si zawadi, na kijana akuleteaye chai ni mtoto wa mtu, mwambie ahsante.

Tena tuangalie kwetu. Mto Nzoia hutoka katika milima ya Cherangani, hupita Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole, na kuteremka hadi Ziwa Viktoria. Maji yetu nayo yaimba. Mkulima mwenye shamba ukingoni, akijenga vyumba vichache safi, akapanda miti na kutunza choo vizuri, aweza kupokea wageni huku mahindi yake yakiendelea kukua. Na siku hiyo akumbuke sheria ile ya kale: msafiri mwema asigeuzwe mlangoni, awe nani.