Hana Hakukaa Kitako

Kuna sentensi ambayo mwanamke wa Bwera, hapa Kasese, huisikia mara nyingi kuliko anavyosikia jina lake: "Dada, ngoja wakati wa Mungu." Ataambiwa akichelewa kuolewa. Ataambiwa akimaliza mwaka wa nne bila mimba. Ataambiwa mume akivuka mto Lhubiriha kwenda Kasindi, upande wa Kongo, kutafuta pesa, asirudi. Msemaji huwa na nia njema. Mara nyingi ni shangazi, au mama mchungaji. Mimi nimeichoka sentensi hiyo, na naipinga nikiwa mtu wa kanisani, wa benchi la tatu kutoka mbele.

Tazama kwanza nani huambiwa. Kijana wa kiume akifika miaka 35 hajaoa, wazee humuuliza kiwanja kiko wapi na mbuzi wa mahari wamefika wangapi. Hakuna anayemtangazia wiki ya kufunga. Dada yake wa miaka 28 huitwa mbele, huwekewa mikono, na hurudi kwenye benchi na jina jipya: anayesubiri. Kuanzia hapo kila alifanyalo hupimwa kwa jina hilo. Akinunua kiwanja, imani yake ndogo. Akijenga, nani atamwoa mwanamke mwenye nyumba yake? Namjua mmoja aliyefyatua matofali yake, akayapanga chini ya migomba, kisha akaogopa maneno. Hakuyachoma. Mvua za misimu miwili ziliyala hadi likabaki tuta la udongo, na sasa kuku wanakwangua hapo.

Watetezi wa sentensi hii wana jina wanalolipenda: Hana, mama yake Samweli. Haya, tumsome Hana, tena polepole. Katika sura ya kwanza ya 1 Samweli, Hana ndiye anayeinuka wenzake walipokwisha kula. Anakwenda hekaluni kwa miguu yake, analia, anaweka nadhiri, anapatana na Mungu waziwazi kama mtu anayejua thamani ya anachoomba na cha kutoa. Aliyekaa kitako katika habari ile ni kuhani. Eli yuko kwenye kiti chake mlangoni, na kutoka kwenye kiti hicho anamwona mwanamke mwenye uchungu na kumdhania mlevi. Hana hakuinamisha kichwa. Alimjibu, na mzee ikabidi ageuze maneno yake na kumbariki. Kisha linakuja jambo ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa: Hana aliondoka akaenda kula, na uso wake ukachangamka, kabla hajashika mimba. Hakuahirisha chakula mpaka mtoto aje.

Wala si yeye peke yake. Mabinti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na wakuu wote kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamesema haki. Mjane wa Luka 18 alimchosha hakimu mpaka akapata hukumu yake.

Lakini wa kwetu hasa, wa Kasese, ni Rizpa. Wahubiri humruka, labda kwa kuwa habari yake inatisha. Mfalme Sauli alipokwisha kufa, wanawe wawili aliozaa na Rizpa waliuawa pamoja na jamaa zao watano na miili ikaachwa mlimani. Rizpa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Huko nako ni kungoja, ila mikono haikutulia. Habari zikamfikia mfalme Daudi, naye akaikusanya mifupa ikazikwa. Biblia inasema ni baada ya hayo ndipo Mungu alipoisikiliza nchi.

Nasema wa Kasese kwa sababu mwezi Novemba 2016 vikosi vya serikali ya Uganda vilishambulia ikulu ya ufalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na Mfalme Charles Wesley Mumbere akakamatwa pamoja na walinzi wake wengi. Mashtaka yalifutwa Juni 2023. Hiyo ni miaka sita na nusu. Wanawake walioachwa nyuma niliowaona mimi walilima peke yao, wakalipa ada ya shule peke yao, wakachanga nauli ya kuwafuata waliokamatwa huko Jinja na Kampala, na jioni wakasali. Sikumwona hata mmoja aliyeona sala na nauli zikigombana. Na mwezi huohuo wa Juni, usiku wa tarehe 16, waasi wa ADF wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na kuteka wengine. Nenda kwa mama wa aliyetekwa umwambie angoje wakati wa Mungu. Wakati upi? Usiku ule haukupangwa mbinguni, na kumpachika Mungu kazi ya wauaji ni kufuru hata ikisemwa kwa sauti ya upole.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Wazee hawakusema subira huingoja heri. Walisema subira yavuta heri, na anayevuta jasho humtoka. Wengine wakaongeza kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Waebrania nao neno lao la tumaini, tikva, ndilo lililotumika kwa kamba nyekundu ya Rahabu pale Yeriko. Kamba kazi yake ni kufunga na kuvuta.

Tena huku milimani hatuhitaji Kiebrania. Mche wa kahawa hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Mama wa Kikonzo anakujua kungoja huko: anapalilia, anatandaza majani ya migomba shinani, anakata vichipukizi visivyo na faida. Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kilijulikana mbali kwa kuwakalisha mume na mke wachore kwa picha nani analima, nani anauza na nani anazila pesa. Kuna waliomaliza kuchora wakaenda kuandika shamba kwa majina mawili. Mimi naona mwanamke aliyeshika kalamu ile alikuwa anamngoja Bwana sawasawa na aliyekesha kanisani.

Nitaambiwa kuna mambo ambayo mkono haufiki. Kweli. Hana hakuweza kujitengenezea mtoto, wala mimi simwambii mtu kwamba akijitahidi atapata kila kitu. Wapo watakaongoja mpaka kaburini, na Mungu hatakuwa amewachukia. Ninachokataa ni kuita jambo "la Mungu" kabla hatujatazama lililo letu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupata tatizo la kutozaa wakati fulani maishani, na madaktari wanajua kwamba mara nyingi chanzo kiko kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Hata hivyo mwanamke atafunga, atakesha, atatoa sadaka ya kupanda mbegu mara tatu, na mume wake hajawahi kuingia chumba cha daktari. Mchungaji anayepokea sadaka hiyo bila kumuuliza kama mumewe amepimwa, amekaa kwenye kiti cha Eli.

Kwa hiyo dada yangu, Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe, nenda ukauze. Matofali yako yachome kabla ya mvua. Sali kama Hana, ukimaliza ule chakula chako. Na baba watoto mtarajiwa, wewe uliyesoma mpaka hapa ukidhani namsema mkeo: Jumatatu asubuhi, nenda hospitali ukapimwe.