Deni la Mwanafunzi Si Pato la Kaya

Iko hoja ambayo kuitamka katika mkutano wa kijiji ni jambo jepesi, na kuijibu ni jambo zito. Hoja yenyewe ni hii: kaya ya fulani ina mtoto chuo kikuu na Serikali inamlipia, kwa nini basi Serikali hiyo hiyo iendelee kuipa kaya yake ruzuku ya TASAF? Mwenye kusema hivyo si lazima awe hasidi. Huenda naye ni maskini, na jina lake halikuingia katika orodha. Lakini hoja hiyo ni batili, na sisi tunasema kwamba ikiachwa itembee bila ya kukanushwa na wenye mamlaka, itazidhulumu kaya zilizofanya lile hasa tulilozitaka zifanye.

Tuitazame Kyela. Mgeni ashukaye kutoka milima ya Rungwe akaliona bonde lile, mpunga huku, kakao na michikichi kule, hudhani kwamba hapo umaskini haupati pa kukaa. Hajui kwamba mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika wakati wa masika na kuyameza mashamba. Hajui pia kwamba kakao, ambayo bei yake ilipanda mno duniani mwaka 2024, humnufaisha mwenye miti ya kakao, wala si bibi kizee aliyebakiwa na kipande cha jaruba na wajukuu wanne mayatima. Na akiendelea kando ya ziwa kupita Matema, chini ya milima ya Livingstone kuelekea Lupingu na Manda katika Wilaya ya Ludewa, atakuta vijiji ambavyo usafiri wake wa kutegemewa ni chombo cha majini, na mboga yake ni usipa. Mtoto atokaye huko akafika chuo kikuu amepita njia ndefu kuliko wenzake wengi.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Utaratibu wake wauelewa kila mwanakijiji: mkutano hutaja majina, kisha hufuata dodoso linalouliza habari za nyumba, mali, na idadi ya watu wanaoishi humo. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezwa kwa ajili ya watoto wanaohudhuria kliniki na shule, na jumla isizidi shilingi 38,000. Mtoto wa kidato cha tano na cha sita alihesabiwa shilingi 6,000 kwa mwezi.

Sasa msomaji aangalie kinachotokea mtoto huyo amalizapo kidato cha sita. Ile nyongeza yake ya shule inakoma, kwa kuwa shule ameimaliza, na chuo kikuu hakimo katika hesabu ya nyongeza. Wakati huo huo kaya inatakiwa itoe shilingi 30,000 za maombi ya mkopo, ihakiki vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, itafute nauli ya kwenda Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, na imvishe kijana nguo za kusimama mbele za watu. Yaani kaya inapungukiwa katika miezi ileile ambayo jirani anaiona imetajirika.

Na mkopo wenyewe ni nini? Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Humlipia mwanafunzi ada kwa kadiri ya uhitaji wake, na humpa fedha za chakula na malazi, ambazo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ziliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hapa ndipo macho ya kijiji yanapopotea. Shilingi 10,000 ambazo bibi alizipokea kwa mwezi mzima, mjukuu anazipata kwa siku moja! Ni kweli kwa tarakimu. Lakini za mjukuu zinaliwa mjini, kwa bei za mjini, na kitanda alalacho kinalipiwa humo humo. Hazifiki Kyela. Hata ikitokea kijana akajinyima chakula cha jioni na kumtumia bibi yake kidogo katika zile fedha ambazo wanafunzi wameziita "bumu", hilo si pato la kaya. Ni njaa moja iliyogawanywa kati ya watu wawili.

Zaidi ya hayo, fedha hizo zitarudishwa. Kijana akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Ni nani basi aliyewahi kuhesabiwa kuwa tajiri kwa sababu ya deni lake? Mkulima aliyekopeshwa mbolea na chama cha ushirika hatumwandiki kuwa ana mali. Kwa nini tumwandike hivyo mwanafunzi, na si yeye tu bali na nyumba nzima aliyotoka?

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi wa nchi maskini na kijana ambaye wanakijiji wenye njaa walimpa chakula chao chote ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Wengi wetu tulifundishwa mfano huo tukiwa shuleni. Haikuwahi kutupitikia kwamba siku moja wanakijiji wale wangeulizwa: ikiwa mlikuwa na chakula cha kumpa kijana, mnadai vipi kwamba mna njaa?

Liko jambo jingine ambalo maofisa wa Serikali wanapaswa kulitazama kwa makini kuliko yote. Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji atokaye katika kaya ya TASAF aonyeshe namba ya kaya yake, na namba hiyo ni ushahidi wa uhitaji. Ni utaratibu mzuri, na tunausifu, kwa sababu umempunguzia mtoto wa maskini adha ya kuuthibitisha umaskini wake kila mlango. Lakini kaya ikitolewa katika orodha kwa hoja kwamba mtoto wa kwanza amepata mkopo, je, yule wa pili aliye kidato cha nne ataonyesha namba gani zamu yake itakapofika? Haiwezekani Serikali kusema kwa mdomo mmoja kwamba kaya hii ni maskini, kwa hiyo mtoto akopeshwe, kisha iseme kwamba mtoto amekopeshwa, kwa hiyo kaya si maskini.

Msomaji wetu wa Micheweni au Makunduchi asidhani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. TASAF iko Unguja na Pemba pia, na Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tena Visiwani kuna fundisho ambalo bara ingefaa kulisoma. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha pensheni jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, ikaanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaongezwa. Mzee huulizwa umri wake. Haulizwi mjukuu anasoma wapi wala nani anamlipia. Kwa hiyo mzee wa Pemba anaweza kuitangaza barua ya mjukuu kukubaliwa chuoni kwa furaha, ilhali mwenzake wa Kyela huenda akaona ni salama kuikunja na kuificha chini ya godoro.

Hatusemi kwamba kaya ikishaingia katika orodha ikae humo milele. Kijana akishaajiriwa na mshahara wake ukaifikia nyumba, ni haki kaya ihojiwe upya, kwani wako wengi nje ya orodha wanaongoja. Mshahara uhesabiwe, ukitolewa kwanza makato ya mkopo. Lakini mkopo usihesabiwe, wala ufadhili wa masomo, uwe ule unaoitwa Samia Skolashipu kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi au mwingine wowote. Na mwanafunzi aliye chuoni aendelee kuandikwa kuwa mtu wa nyumba ile. Akiondolewa, watu hupungua katika dodoso na kaya huonekana imepata nafuu, na hali likizo ikifika yeye hurudi na kula palepale.

Kwa hiyo tunaitaka TASAF, katika kipindi hiki na chochote kitakachofuata, iyaandike mambo hayo kwa Kiswahili chepesi na kuyabandika katika mbao za matangazo za vijiji na shehia, tena yasomwe mbele ya mkutano kabla ya majina kujadiliwa, si baada. TASAF na Bodi nazo zikubaliane kwamba kaya iliyowahi kuwamo, hata ikihitimu, namba yake itaendelea kutambuliwa kwa kila mtoto wake aliyehesabiwa humo. Kwa upande wa mpakani, RITA iwasaidie mapema mayatima ambao wazazi wao walifia ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, wapate barua za uthibitisho bila ya kusafirishwa mara tatu kwa karatasi moja.

Dirisha la maombi ya mikopo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Maelekezo hayo yawe yamefika Ipinda, Mwaya, Matema na Lupingu kabla ya siku hiyo.