Lipeni Hiyo Nusu Kwanza

Birmingham, Uingereza

Kaka zangu wa Mombasa, na kaka za wenzangu wa Lamu, Malindi na Unguja,

Habari zenu huku tunazipata kila siku kwenye simu. Hizo habari ndizo zilizonikalisha leo niandike.

Mwaka 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya kumrithi baba yake Mwislamu, kundi la ukoo kwenye WhatsApp halikulala. Watu ambao hata salamu za Idi huzijibu kwa kidole gumba waliandika kurasa nzima. Mlisema Katiba ya 2010, kifungu cha 24, imewaachia Waislamu mambo yao ya ndoa, talaka na mirathi mbele ya kadhi, sasa majaji wa Nairobi wanatafuta nini? Mlisema mirathi imegawanywa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, haiguswi hata chembe. Niliyasoma yote, sikujibu. Katika hilo la mwisho tuko pamoja, na ndilo linalonipa ujasiri wa kuuliza: kama haiguswi, mafungu ya dada zenu yako wapi?

Tuchukue nyumba ya baba, ile ya Majengo, maana sitaki kutolea mfano nyumba ya watu. Baba alifariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Hesabu yake ni ya mtoto wa chuoni. Mama anachukua thumuni. Zinabaki thumuni saba, na watoto wanazigawana kwa kanuni mnayoijua, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja: mbili, mbili, moja, moja, moja. Saba zimekwisha. Nyumba ina vyumba vinane vya kupangisha, basi hata asiyejua kusoma anaweza kuigawa kwa kupita tu ukumbini akihesabu milango. Kila kaka vyumba viwili. Kila dada chumba kimoja. Mama chumba kimoja. Wanaume vinne, wanawake vinne. Kwa sheria ileile mnayoitetea usiku kucha, nusu ya nyumba hiyo ni ya wanawake, na kodi ya vyumba vyote vinane, tangu baba azikwe, inaingia mifuko miwili.

Mmoja wenu aliwahi kunijibu kwamba nyumba yenyewe haina ardhi, kiwanja ni cha mwenyewe na tunakilipia, sasa tutagawana nini, matofali? Ndiyo, matofali. Matofali yanayotoa kodi kila mwezi ni mali, na Mombasa nyumba zisizo na ardhi zinauzwa, zinanunuliwa na kurithiwa kila siku.

Jibu la pili nalijua pia, kwamba dada wamesamehe. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wenu hamkuwa upande wetu wa pazia.

Kikao cha mirathi ya baba kiliwekwa baada ya khitma ya arobaini, barazani, Isha imeshasaliwa. Mama alikuwa ndani kwenye eda yake ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo mrithi wa kwanza katika hesabu hakuwapo. Sisi mabinti tulikuwa uani tunaosha masinia. Ami akaja mpaka mlangoni akatuita, na nyuma yake wageni wanasikia. Akasema: nyinyi wanangu mmeolewa, alhamdulillahi, waume zenu wanawatunza, hamtaki kuivunja nyumba ya baba yenu, au siyo? Hakuna aliyetutajia thamani ya nyumba. Hakuna aliyetutajia kodi ni kiasi gani, wala fungu la kila mmoja ni lipi. Dada mkubwa aliinamisha kichwa akatazama maji ya sinia. Ami akarudi barazani akasema wameridhia, na fatiha ikasomwa.

Imam Ghazali aliandika kwamba mali anayoitoa mtu kwa kuwa ameombwa mbele za watu akaona haya kukataa, haina tofauti na mali iliyochukuliwa kwa nguvu. Wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio tunaowafuata pwani nzima, wakalipokea neno hilo na kulirudia vitabuni mwao. Hili si la wanaharakati wa Nairobi. Si la Umoja wa Mataifa. Limo katika vitabu vinavyosomeshwa kwenye misikiti yetu, na kama sheikh wenu hajawahi kulitaja kwenye hotuba ya Ijumaa, muulizeni kwa nini.

Na kuna kisa ambacho laiti kingesomwa kwenye kila arobaini. Saad bin Rabi aliuawa katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu wa marehemu akaja akachukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu wakati huo: mali ni ya wanaume wanaoshika silaha. Mjane hakuinamisha kichwa. Alikwenda na wanawe kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akashitaki, akasema mabinti hawa hawataolewa bila mali. Baada ya shauri hilo ndipo ikashuka aya ya mirathi, na ami akaitwa akaamriwa: wape mabinti thuluthi mbili, mpe mama yao thumuni, kinachobaki ndicho chako. Amelipokea swahaba Jabir, na limo katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Tirmidhi. Kwa hiyo anayesema mwanamke anayedai urithi wake ana tamaa, au amekosa adabu kwa wakubwa, ajue anamsema nani.

Mnapoulizwa kwa nini wa kiume apewe mara mbili, jibu lenu ni zuri na mimi ndivyo nilivyofundishwa: mwanamume amebebeshwa kulisha, kuvisha, kutibu, na dada yake akiachwa anarudi mikononi mwake. Sawa. Sasa tutazame nani anatibu. Dawa za presha za mama zinatoka Birmingham na Jeddah. Ada za watoto wa dada yetu aliyeachwa zinatoka Doha, kwa binamu yetu anayelea watoto wa watu. Wanawake wa ukoo huu wamekuwa wakituma pesa kila mwezi, nanyi mnaipokea kwenye M-Pesa na kuandika "shukran dada". Mmechukua mafungu mawili kwa ajili ya jukumu, mkachukua na la tatu ambalo si lenu, kisha jukumu lenyewe mkalisafirisha ng'ambo. Sheria gani hiyo? Si ya Kiislamu, na kwa ninavyoijua mila yetu, si ya Kiswahili.

Kwa sababu mila yetu ilikuwa vingine. Waulizeni wazee wa Lamu. Kwa waungwana wa mji ule, baba alimtayarishia binti nyumba kabla ya harusi. Akiwa na uwezo alijenga mpya. Asipokuwa nao alimkatia sehemu ya nyumba yake, au akaongeza ghorofa, au akavusha wikio juu ya kichochoro mpaka upande wa pili. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mke. Ndoa ikivunjika, mwanamume ndiye aliyetoka na sanduku lake, na mwanamke akabaki kwake na watoto wake na mamake ukuta wa pili. Kile chumba cha "kufikia dada akiachwa", mnachotuahidi leo kama sadaka, mabibi zetu walikuwa nacho kama milki.

Nalitaja hili kwa wale wanaosema nimelishwa maneno na Wazungu. Huku Uingereza, hadi sheria ya 1882, mwanamke aliyeolewa alipoteza mali yake nyingi kwa mumewe, kwa kuolewa tu. Wakati huo mwanamke wa Lamu alikuwa na nyumba ya mawe kwa jina lake. Mzungu hakunifundisha kudai changu. Wala sidhani huku ni peponi kwa Waislamu wenzetu. Hapa Birmingham wapo mabinti waliofungishwa nikahi msikitini bila kuandikisha ndoa serikalini. Siku ya kuachana wanaambiwa na mahakama hawakuwa wake kisheria, hawana cha kudai kama wake, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililithibitisha hilo. Wanaume wengi wanalijua hilo kabla ya nikahi. Wanawake wengi wanalijua baada ya talaka.

Wapo pia, hasa vijana wetu waliosoma, watakaoona barua hii imepungukiwa. Watasema: kwa nini unadai nusu, kwa nini usidai sawa kwa sawa? Tunisia mjadala huo ulifika mbali. Mwaka 2018 Rais Essebsi alipendekeza sheria ya kuwasawazisha warithi wa kike na wa kiume, ingawa haikupita. Ni mjadala wa kweli, una wanazuoni wake na hoja zake, na mimi sitaki kuufunga kwa kupiga kelele. Ila huwa nawaambia hivi: pwani yetu mwanamke hapati nusu, hapati robo, anapata sinia la kuosha. Anayekunyima kile anachokiri mwenyewe kuwa ni faradhi, utamshawishi kwa hoja gani akupe zaidi? Lipeni hiyo nusu kwanza. Ya baadaye tutayazungumza tukiwa tumekaa kwenye nyumba tunazozimiliki.

Na msitutishe na kadhi. Tangu lini mwanamke wa pwani akamwogopa kadhi? Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980, na kitabu chake cha 1998 kinaeleza kwamba wengi wa waliopeleka mashauri walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Kinachotuzuia si kadhi. Ni maneno ya mtaani: amemshitaki kaka yake wa tumbo moja, amekata udugu kwa ajili ya vyumba. Aliyekula fungu la nduguye miaka yote hiyo, yeye udugu hakuukata? Mbona hilo halisemwi kwenye baraza?

Sasa ninachoomba. Kikao kingine kifanyike, ukumbini, mama akiwa kwenye kiti chake na dada zetu wakiwa wamekaa, si wamesimama mlangoni. Kabla ya siku hiyo, mtu anayejua nyumba aje aikadirie thamani. Majina ya warithi yaandikwe yote, na mahesabu ya kodi tangu baba afariki yawekwe mezani. Kisha karatasi hizo ziende kwa kadhi, afanye mgawanyo na kila mmoja ashike hati yake. Hakuna aliyesema nyumba iuzwe. Anayetaka kununua mafungu ya wenzake anunue kwa bei ya haki. Na hakuna kuulizwa "mmesamehe?" mpaka kila mmoja amepokea chake mkononi. Baada ya hapo, dada anayetaka kumpa kaka yake zawadi, ampe, na Mwenyezi Mungu atamlipa.

Wapangaji hulipa tarehe tano. Kodi ya mwezi ujao ianze kugawanywa kwa mafungu manane, na la mama litangulie.

Wassalaam,
Dada yenu, Birmingham