Msaada Unaofika Baada ya Mzoga

Nimepotea wiki mbili, mitihani ilinibana. Leo nimerudi na hasira.

Jana usiku hapa hosteli mwenzangu wa chumba (kijana wa mjini, ni rafiki yangu lakini!) aliniuliza: "Kwani watu wa Marsabit si wauze mifugo mapema, badala ya kungoja pesa za serikali?" Wengine wakacheka. Nikakosa la kusema. Jibu ni hili.

Mapema ni lini? Mvua ilikosa misimu 5 mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Nani alijua msimu wa pili ungefuatwa na mingine mitatu? Na siku ukijua, kila mtu ameshajua. Soko linajaa ng'ombe wa mifupa mitupu, mnunuzi anakutajia bei ya matusi. Baba alipeleka ng'ombe 3 sokoni, akarudi na 2. Hakuuza hata mmoja. Yule wa tatu alifia njiani.

Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Mvua ikarudi Machi 2023. Hesabu miezi hiyo mwenyewe. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5.

Kulikuwa na pesa za kukinga njaa, ndiyo: shilingi 2,700 kwa mwezi kwa kaya iliyosajiliwa, zikilipwa 5,400 kila miezi miwili. Yaani shilingi 90 kwa siku, nyumba nzima. Sizidharau, zilinunua unga. Lakini unga huliwa ukaisha, na ng'ombe ndiye maziwa ya mwaka kesho, na karo yangu mimi pia.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba dawa inajulikana! Bima ya mifugo ilijaribiwa Marsabit mwaka 2010: setilaiti inaangalia majani, vifo vinakadiriwa, watu wanalipwa. Serikali ilipoanzisha yake mwaka 2015, Turkana na Wajir, lengo likawa pesa zitoke malisho yanapopungua, ili mfugaji anunue nyasi, maji na dawa mnyama akiwa bado amesimama. Wazo safi kabisa. Halafu wakaweka kikomo cha mifugo sawa na ng'ombe 5, tena kwa kaya chache zilizochaguliwa. Wengine je? Tulingoja huruma.

Msaada mmoja, sitautaja, tuliahidiwa nyumbani kwetu mifugo ingali hai. Ulifika tukiwa tumeshachoma mizoga. Aliyemkabidhi mama pesa akamuuliza mbona hafurahi.

Basi nadai hivi. Mamlaka ya kukabiliana na ukame hutoa taarifa kila mwezi, kaunti kwa kaunti, ikipanga hali kwa hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Kila ofisi inazo taarifa hizo mezani. Pesa za mfugaji zitoke kwenye tahadhari, zenyewe, bila kikao, bila mheshimiwa kupigwa picha na magunia. Ukilipa kwenye dharura unamlipa mtu ambaye si mfugaji tena.

Baba sasa ana mbuzi 9. Mwenzangu wa chumba bado anakoroma; akiamka atasoma hii kabla sijampa chai.